Safu ya Maoni

Kazi yangu ni kusoma namba mtoni.
Saa moja asubuhi, saa kumi na moja jioni,
nguzo ya chuma iliyochubuka rangi,
daftari la serikali, kalamu imefungwa kwa uzi.
Tangu Juni naandika sifuri.
Ukurasa umejaa kama kiota cha kanga.

Baba, mzee Ndahani, alishika daftari hili kabla yangu.
Alisema: sifuri haimaanishi Bubu hayupo.
Amelala kitandani pake, kajifunika mchanga.

Na mchanga wenyewe ni mashamba ya watu.
Ni Kondoa iliyoporomoka, mvua baada ya mvua,
vilima vikabaki mbavu tupu.
Sasa malori yanauzoa usiku, taa zimezimwa,
kwenda Dodoma kupandisha ghorofa.
Karani anaegemea ukuta
asijue anaegemea shamba la mtama la mtu.

Bibi yangu hakuhesabu miaka kwa mto.
Alihesabu kwa njaa: kabla ya Mtunya, baada ya Mtunya.
Mto, alisema, ni mgeni. Njaa ndiyo jirani.

Januari iliyopita hapa Bahi haikunya hata tone.
Nyota zilikuwa wazi.
Kwanza mbwa wakanyamaza.
Kisha harufu ya udongo wa kwingine,
kisha povu, mabua, kandambili moja ya bluu,
ndama, akiwa bado na kamba shingoni.
Mita mbili nukta nne. Mkono ulitetemeka,
ile nne utadhani imeandikwa na mtoto.

Wiki ile tulikula kambare mpaka tukawachoka.
Mpunga ukasimama. Mbu nao wakavuna.
Mgeni mmoja akauliza: mto huu unaishia bahari gani?
Hauendi bahari yoyote, ndugu yangu.
Unafika Bahi, unakaa chini, basi.

Novemba sasa. Kijana wa ofisini amepiga simu:
sifuri mia na hamsini, unasoma au unalala?
Sikumjibu. Nilikuwa namtazama Mbeleje
amepiga magoti katikati ya mto,
punda wawili nyuma yake kimya,
anachimba kwa kata, anangoja, anachota,
anamwaga ya kwanza yenye tope, anangoja tena.

Jioni nimeandika sifuri, kama sheria inavyotaka.
Halafu, pembeni, kwenye safu ya maoni
ambayo baba hakuwahi kuigusa:
Maji yapo. Kina: mkono wa Mbeleje,
Septemba kiwiko,
leo bega.