Alhamisi, Mvua Ikinyesha

Mvua ya Kakamega haibishi hodi.
Saa tisa na nusu imeshakaa juu ya mabati
ya ukumbi wa zamani nyuma ya maktaba,
na sauti yangu, ambayo hata kiangazi si kubwa,
imezama.

Wako thelathini na wawili, mwaka wa kwanza wote.
Wengine wamefuata mandazi.
Siwalaumu. Mwaka juzi mimi pia
niliingia humu nikivutwa na harufu ya mafuta.

Ayuma ananiashiria: ngoja.
Anachukua chaki, anaandika ubaoni
kwa herufi kubwa za mtoto wa chekechea:
KIMYA SI NDIYO.
Mvulana wa nyuma, mwenye kofia ya sufu, anacheka.
Tunamwacha acheke. Kuna kicheko
ambacho ni swali lililoona haya.

Mvua ikipunguza hasira, tunaigiza.
Wewe ni rafiki yake Luvai.
Mitihani imekwisha, chumba kina joto, muziki uko juu,
na Luvai amemshika mkono msichana
asiyejua tena viatu vyake viko wapi.
"Namsindikiza tu," anasema Luvai.
Una dakika moja. Utafanya nini?

"Nitamwita askari." Askari yuko langoni, mbali.
"Nitamwambia Luvai ni vibaya." Luvai atakuuliza:
we ni mama yangu?
"Nitamwaga soda."

Nani kasema?
Khasoa, wa Shinyalu, ambaye wiki tatu hizi
hatujasikia kwake zaidi ya jina.
"Nitammwagia soda shatini, nimwombe radhi kwa kelele,
na katikati ya kelele zile
nimshike yule dada mkono wa pili."

Ukumbi mzima unalipuka.
Ayuma anaandika, chini ya yale mengine: SODA.

Mimi sikuwa na soda.
Nilikuwa na redio.

Plotini Lurambi, chumba namba kumi na tatu,
ukuta wa mbao, mwembamba kama daftari.
Upande wa pili mtu alisema hapana.
Akasema tena, polepole,
kama anayemfundisha mtu neno geni.
Nami nikanyoosha mkono, nikaongeza sauti.
Yalikuwa matangazo ya vifo:
marehemu mtoto wa fulani, mkwe wa fulani,
mazishi ni Jumamosi nyumbani kwake Ikolomani.
Nilisikiliza kwa makini, utadhani mfiwa.

Wahenga walionya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Mimi ukuta nilikuwa nao. Nikaziba ufa.

Asubuhi nilimkuta bombani
akifua shuka moja, akilisuuza, akilifua tena.
"Umeamkaje?" aliniuliza yeye.
Yeye ndiye aliyeniuliza.
"Salama," nikajibu.

Muhula uliofuata hakurudi.
Wakasema karo, nami nikasema karo.
Neno pana hilo, karo,
linafunika kitanda kizima, mpaka miguuni.

Haya yote siwaambii wanafunzi wa Alhamisi.
Hadithi ya chumba ni yake.
Ya redio ni yangu, na hiyo nawasimulia,
kila muhula, mpaka ule mkono niliounyoosha,
na kila muhula natumaini
nitafika mwisho bila kutazama dirishani.

Leo nimetazama dirishani.

Mvua imekatika. Wanatoka wakiruka madimbwi,
viatu mkononi, wakiitana.
Khasoa amebeba thermosi bila kuombwa.
Nageuka kufuta ubao,
na yule wa kofia ya sufu bado yuko kitini.
Kofia ameivua, anaizungusha vidoleni.
"Kuna kitu nilitaka kuuliza."
Uliza.
"Na kama Luvai," anasema, hacheki sasa,
"kama Luvai ni mimi?"

Mandazi yamekwisha. Chai imepoa.
Ayuma anavuta kiti, anakaa mbele yake.
Mimi nafunga mlango, si kwa ufunguo,
naja kukaa nao.