Tibirinzi, baada ya Idi

Siku ya tano, pembea zishang'olewa,
uwanja umebaki na maganda ya njugu
na mimi, na mashine ya Shaame fundi redio:
mpini wa fagio, duara la waya, spika moja ya sikioni.

Inalia kwa kila kitu, haichagui.
Kizibo cha soda: ti.
Msumari: ti ti.
Kizibo. Kizibo. Ufunguo
wa mlango nisioujua.
Watoto wanifuata: "Mjomba, wapima barabara?"

Karibu na mkungu ikalia vyengine,
sauti nene, kama mtu akohoaye
kabla ya kupiga hodi.
Nikachimba kwa kijiko. Shubiri moja.
Senti kumi ya tundu,
kijani kama mwani mkavu,
ukingoni ina pengo la tupa.

Nikampelekea Bi Time, nikitaraji kicheko.
Akaisugua kwa limau na jivu,
akapitisha ukucha kwenye lile pengo
alilolikata babake, mtu asije akambadilishia.
"Nilimwita mwizi," akasema.
"Subeti. Mbele ya watu, Idi ile.
Akaapa. Nikamtemea mate."

Subeti tulimzika Wawi, mwaka wa mvua kubwa.
Bi Time hakuja matangani;
alisema mguu.

Akaifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili,
akaitazama mashine iliyoegemea ukuta.
"Kidude chako hicho," akauliza,
"chasikia mpaka chini kiasi gani?"