Sampu ya Pijo

Pijo ya baba imepasuka sampu njia ya Ganda.
Jiwe la matumbawe, ndugu ya haya tunayobeba,
limeinuka barabarani kama linalodai deni.
Mstari mweusi umetufuata mpaka Maweni, mlangoni;
paka kaunusa, kaukataa.

Fundi Lwambi kaja na jeki moja na maneno mengi.
"Injini lazima inyanyuliwe, Mbodze.
Aliyeibuni gari hii
hajawahi kulala chini yake."
Nikapanga matofali chini ya chesisi,
nikatandika mifuko mitupu ya saruji,
nikaingia chali:
mimi na tumbo la gari, shubiri mbili katikati.

Oili ikashuka kwenye karai,
nzito, kama kahawa iliyosahauliwa matangani.

Bolti ishirini. Nimezihesabu
nikizitia kwenye kopo la maziwa ya unga:
kumi na saba zimetoka kwa spana,
mbili kwa matusi,
na moja, iliyoliwa kichwa,
Lwambi kaigonga kwa patasi, kaisemesha Kigiriama,
ikasikia.

Sampu haikuanguka.
Imeng'ang'ania silikoni ya miaka.
Nikapitisha kisu cha jikoni (mama asijue)
ukingoni, pole pole,
kama mtu anayefungua barua isiyo yake.

Nikaiosha kwa mafuta taa, ndani, kisha nje.
Na nje, chini ya ugaga wa vumbi na oili,
viraka.
Kimoja kimechomelewa vizuri, kazi ya gereji.
Kimoja ni bati la kopo la mafuta ya kupikia,
herufi mbili bado zinasomeka.
Na kona ya nyuma, tundu la kupita kidole:
sabuni ya mche, imekuwa jiwe,
imekazwa kwa kitambaa.

Kitambaa nakijua.
Ni leso ya mama, nyekundu ya korosho,
ile iliyorudi nusu kutoka garini,
ile aliyoiuliza mwaka mzima
mpaka akamnunia shangazi Kadzo.
Baba alikuwa pale pale, anamenya samaki.
"Huenda panya," alisema.

"Usipoziba ufa," alizoea kutwambia
kila tulipoleta nyumbani daftari lenye alama haba.
Hakutwambia ufa mwingine aliuziba kwa sabuni,
usiku, njia ya Marafa, tochi mdomoni,
na mawe ya nyumba ya mtu mgongoni mwa gari,
na ada yetu ya shule
inadondoka mchangani, tone, tone.

"Miaka tisa imeshika," Lwambi kasema.
Kacheka.
Kisha kaacha kucheka, katafuta spana aliyokuwa ameishika.

Sampu nyingine imekuja kwa basi, ndani ya gunia la mchele.
Si mpya. Ni ya Pijo iliyofia Changamwe.
Nimekwangua uso wa injini mpaka ukang'aa,
nimelaza gasketi, nimepaka silikoni
kwa kidole, mstari mwembamba, kama wanja.
"Mkono kwanza," asema Lwambi, "spana baadaye.
Kaza huku, nenda kule. Usifuatishe."
Ishirini zote. Ile iliyokatwa kichwa tumeitafutia dada.

Tukaiacha ilale, silikoni ishike.

Asubuhi lita nne. Funguo.
Taa nyekundu ikawaka, ikakaa,
ikakaa sana,
ikazimika.

Ile leso nimeitoa kwa wembe,
nimeifua mara tatu.
Weusi haukutoka. Wekundu nao haukutoka.
Nikampa mama. Hakuuliza imetoka wapi;
aliinusa, kipande kisichozidi kiganja,
akasema, "Kumbe panya mwenyewe ndiye huyu,"
akaingia nayo chumbani, akafunga mlango.

Mimi nimetandaza boksi chini ya injini.
Kila baada ya muda nainama kutazama.
Kavu.
Nainama tena.