Shufwa na Witiri

Chumba chetu cha Tudor hakina dirisha.
Mwanga wa nje hatuutaki, tunao wetu:
leza ndogo kuliko punje ya mtama,
na mbele yake kioo.
Hila yote ni hiyo,
mwanga ulioutoa ukurudie usoni.

Ikiachwa peke yake, leza ni karani wa Kilindini:
muhuri, karatasi, muhuri, karatasi.
Mrudishie kauli yake kabla hajamaliza kuitamka,
uone.
Hupanda, hukatika, hufoka, huzimika nusu, hulipuka,
mara mabilioni kwa sekunde,
na pigo lijalo halimjui lililopita.

Umazi, asiyepaza sauti hata kwa mwenye nyumba,
aliitazama skrini, akasema:
"Hivi ndivyo nilivyo ndani
mtu akinirudishia maneno yangu."

Kazi yangu mimi ni kukata.
Pigo limevuka mstari: moja. Halikufika: sifuri.
Kope haijagusa kope, nimejaza ghala
kwa kitu kisicho na maana yoyote,
na hiyo ndiyo thamani yake:
ufunguo ambao hata mfua chuma wake hawezi kuukisia.

Nilimweleza Bi Tumu, kwake Kibokoni,
sindano mkononi, kofia gotini, tundu la mia na ngapi sijui.
Benki ilikuwa imemtumia tarakimu sita kwenye simu.
"Nani kazichagua?"
"Hakuna."
"Hakuna ndiye nani?"

Sikuwa na jibu. Yeye alikuwa nalo.
"Marehemu mume wangu alipiga ramli.
Hudonoa mchanga kwa kidole, mbiombio, pasi kuhesabu,
kisha ndipo ahesabu: shufwa au witiri.
Safu nne, mara nne.
Na mteja akiwa mwanamke mzuri
ramli nayo hutoka nzuri.
Mkono una mapenzi yake, mwanangu.
Hiyo taa yenu haimpendi mtu?"

Nilicheka hadi nikafika Tudor.
Usiku ule ule jaribio la kumi na moja likatukataa.

Kumbe kioo kilikuwa kimeacha alama:
sentimita thelathini, kwenda na kurudi,
zasikika ndani ya ghasia yote ile
kama lafudhi ya mtu wa Lamu
aliyekaa Kongowea miaka ishirini.
Umazi aliisikia kabla ya kompyuta.
Tukauchukua mkondo, tukaukutanisha na nafsi yake ya jana,
jana ya chembe ya sekunde:
mkifanana, sifuri; mkitofautiana, moja.
Lafudhi ikaanza kufifia.
Stima ikapotea.

Giza la chumba kisicho na dirisha si la mchezo.
Feni zikakoroma, zikanyamaza.
Mabilioni yetu yakaisha kama maji ya mfereji.
Nikasikia Umazi akimwaga sukari mezani,
kisha kidole chake, tk tk tk tk,
tochi ya simu ikawashwa, naye akihesabu
kwa midomo tu.
Shufwa. Witiri. Witiri. Shufwa.
Dakika mbili, biti kumi na sita.
"Zinatosha kufungia nini?" nikamuuliza.
"Kopo la sukari," akasema.
Nami nilimwona, kwenye safu ya mwisho,
akisita, akidonoa tena mara moja.

Sikumuuliza alikuwa akimfikiria nani.

Ijumaa Bi Tumu akanipigia, hata salamu hakutoa.
"Sita, sita, sita, sita, moja, sita.
Mbona zafanana? Mashine yenu imelala?"
Nikamwambia si yetu, ya kwetu haijatoka chumbani.
Nikamwambia nasibu haina haya ya kujirudia,
na anayekwepa kujirudia ndiye mwenye hila.
Akanyamaza. Nikasikia uzi ukivutwa,
sindano ikitafuta tundu.

"Basi huyo Hakuna," akasema,
"ana mzaha."