Milioni Moja na Tatu

Aliyeuliza ni Ndahani, darasa la sita,
mtoto wa mpakia magunia,
vumbi la mahindi bado kwenye nyusi:
"Mwalimu, ukishavuka milioni,
namba tasa ya kwanza ni ipi?"

Darasa likacheka. Si kwa swali.
Kwa lile neno, kutamkwa mbele yangu,
maana Kibaigwa nzima inaijua
miaka kumi na moja ya ndoa yangu.

Nikasema nitajibu Jumatatu.

Milioni na moja ilianguka mapema:
mia na moja iliipasua, haikubaki chembe.
Milioni na mbili ni shufwa, sikuisumbukia.
Ya tatu ikasimama.

Kipeuo chake ni elfu na ushee mdogo,
hivyo zatosha tasa zilizo chini ya elfu.
Nimezihesabu: mia moja sitini na nane,
sawasawa na saa za wiki, usiku zikiwemo.
Daftari, taa ya sola,
upepo wa Agosti chini ya mlango,
malori yakishika lami kwenda Dodoma.

Nikagawa kwa saba, ikabaki nne.
Kumi na moja: nne.
Kumi na tatu: nne tena.
Nikadhani nimesinzia, nikarudia.
Thelathini na saba: nne,
kama anayepima debe lake kila kibanda
na kila kibanda wanamrudishia
punje zile zile.

Mume wangu akageuka kitandani.
"Bado tu?"
"Nimefika mia tano tisini na tatu."
Kimya. Kisha, gizani:
"Mama ameuliza tena leo."
Kalamu sikuiweka chini.

Jumapili, kengele ya kanisa ikilia,
mia tisa tisini na saba, ya mwisho.
Ikabaki kumi na mbili.
Nikapiga mstari, nikacheka peke yangu,
mlenda ukiungua.

Nikaisoma na kinyumenyume:
milioni tatu na moja.
Hiyo ikavunjika, mia nane hamsini na tatu
mara elfu tatu mia tano kumi na saba.
Sijui kwa nini iliniuma.

Jumatatu nikaiandika ubaoni,
sifuri tano katikati
kama mashimo ya mbegu za uwele kabla ya mvua.
"Tasa," nikasema, kwa sauti ya kawaida.
Hakuna aliyecheka.
"Sasa milioni yenyewe, ivunjeni."

Wakaivunja hadi mwisho:
mbili sita, tano sita, zikizidishana.
Ndani hamna kingine.

"Na mbili ni nini? Na tano?"

Ndahani akanyoosha mkono,
akanitazama, akaushusha nusu.
"Tasa, Mwalimu."
Akaangalia ubao kwa muda.
"Kumbe milioni imezaliwa na..."
Hakumalizia.

Chaki ilinikatikia mkononi.
"Na baada ya hiyo," akauliza upesi,
"inayofuata ni ipi?"

Jioni nilipita dukani kwa Mchiwa,
nikanunua daftari jingine,
la kurasa nyingi zaidi.