Boda

Chama kilinituma mimi kwa kuwa sina mtoto mchanga
na Amoit anaogopa ndege.
Siku nane, walisema, ukajifunze
wanawake wa mpaka mwingine wanauzaje.
Nilifunga sanduku Busia, nyuma ya ghala la mayai,
nikalifungulia Tijuana, Meksiko,
chumba cha juu; chini yake daktari wa meno
anang'oa na kung'arisha tangu alfajiri
vinywa vilivyovuka kufuata bei nafuu.

Siku ya kwanza sikuona mji. Niliona foleni.
Magari yananguruma papo hapo,
na katikati yake wachuuzi: blanketi, bisi, Yesu wa plasta
mpana kuliko dirisha la kumpitishia.
Moyo ukatulia. Kumbe ni nyumbani,
ila malori yetu hulala siku tatu
na dereva hufua shati akalianika kwenye kioo.

Siku ya pili, punda.
Punda mzee, kachorwa mistari myeusi
ili wageni wapige picha wakidhani sijui nini.
Mimi nimewaona punda milia wenyewe, Nakuru,
wakila nyasi bila kumdai mtu senti.
Nikamwuliza mwenye mali kwa vidole: nani kampaka?
Akajipiga kifua.
Mpaka rangi wa mpakani!
Nilicheka peke yangu, hakuna wa kumfasiria.

Mwenyeji wangu Socorro huuza tamale:
unga wa mahindi uliofungwa kwa ganda la hindi,
kama mtoto ndani ya koti la babake.
Hana Kiingereza, sina Kihispania,
tuliongea kwa kikokotoo.
Aliandika bei ya gunia, nikaguna.
Niliandika ushuru wa trei moja, akashika kichwa.
Kisha akaandika 11, akaonyesha ng'ambo:
miaka, tangu mwanawe apite.

Jumapili alinipeleka ufukweni.
Ukuta unaingia baharini kama ng'ombe aendaye kunywa.
Chuma, na wavu juu ya chuma,
matundu ya kutosha ncha ya kidole cha mwisho.
Mwanawe alikuja upande ule. Kofia, miwani.
Wakagusana kidole kwa kidole.
Mimi nilitazama maji.

Kwetu mtu huvuka kukopa chumvi.
Msiba ukiwa ng'ambo, sufuria hutangulia watu.
Lango likifungwa zipo njia za panya,
na mpaka wetu, kama jina lake, ni nusu paka:
husinzia, hula kidogo, hufumba jicho moja.
Nisisifu mno. Mwaka juzi askari alimwaga
trei zangu kumi na mbili, lami ikakaanga.
Lakini nilitaka Socorro ajue
kwamba neno letu la kutenga
ndilo hilo hilo la kuagana:
mpaka kesho, mpaka tuonane.
Kikokotoo hakina herufi.

Njiani kwenda uwanja wa ndege, bango: BODAS.
Niligeuza shingo nitafute baiskeli.
Dirishani magauni meupe tu, yamesimama bila vichwa.
Boda, huko, ni harusi.

Leo asubuhi Ekirapa kanisimamia na baiskeli yake.
"Boda, mama?"
"Ya nani?"
Hakuelewa. Alipangusa kiti kwa mkono wa shati.
Nikaketi upande, kama bibi arusi, trei mapajani,
tukaenda polepole kuelekea Uganda,
mayai yakigongana.