Robo Tatu Kasoro

Nauza nyama Buguruni, bucha la tatu kutoka kona.
Hesabu za shule zilinishinda; nina za mkono.
Nipe paja, nitakutajia kilo kabla mshale haujatulia.
Nipeleke mnadani Pugu, nimzunguke ng'ombe mara moja,
nimshike nundu, nimfunue mdomo, nihesabu meno,
nitataja bei, na mwenye ng'ombe hataapa sana.

Hii sikuijua.

Walinivamia mwezi wa Shaabani, saa kumi alfajiri,
njia ya Vingunguti, fedha za ng'ombe wawili kiunoni.
Pikipiki moja, watu watatu, panga moja.
Kovu limekauka. Ila mkono wa kushoto
mpaka leo haukazi kamba.

Mke wangu alisema, uza bucha.
Shemeji Kibwana alisema, nunua bastola.
Miezi saba nikafukuza karatasi:
barua ya mtaa, cheti cha daktari kwamba akili zimo,
vidole kumi kwenye wino kama mtuhumiwa.
Kamati ikaniuliza, una hasira za karibu?
Waheshimiwa, nikasema, mimi nakopesha nyama.
Ningekuwa na hasira, Buguruni nzima ingekuwa na makovu.

Duka la mjini: kiyoyozi, vioo,
milioni tatu na laki nne, risasi mbali.
Kijana hakushusha hata elfu kumi.
Nikatoka nikijiambia:
bei isiyokubali maneno si bei, ni amri.

Ndipo nikaelekezwa Ukonga, kwa mjane wa Sajini Lihami.
Bi Zamoyoni akaleta maji,
akaleta kibali cha marehemu,
akaleta furushi la kanga, akalifungua taratibu
kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Nikaipakata kiganjani. Baridi.
Robo tatu kasoro, uzito wa ini la mbuzi.
Nikatafuta dosari, maana dosari ndiyo mlango wa kushukia:
kutu kidogo mdomoni, mpini umechubuka.
Nikachungulia mtutu kama ninavyochungulia meno,
nikijifanya naona umri.

"Ya zamani hii, mama."
"Hata mimi. Sema bei."
Nikasema milioni moja na laki mbili, bei ya dume la wastani.
Akacheka, cheko fupi, la puani.
"Dume lako linakula majani.
Hiki kwa miaka kumi na tisa kimekula usingizi wangu.
Mume anakoroma, mimi nasikiliza kabati.
Haya, wewe mpima watu nyama, taja bei ya haki."

Nikakwama.
Kisu changu nakijua. Kina bismillahi yake,
kina kibla, kina shingo iliyohalalishwa.
Hiki nikitangulizie neno gani?
Na kilo yake nimpime nani?

Tuliishia milioni moja na laki sita.
Nisiseme ni haki. Tulichoka.

Kesho yake kituoni, jina likatoka kwake likaja kwangu.
Nilipoanza kuifunga ile kanga, akanishika mkono, ule mbovu,
mbele ya afande.
"Chombo chukua. Kanga niachie."
Akaikunja mara nne, na madoa yake ya mafuta.
Maandishi yalikwisha kufutika,
lilibaki neno moja pembeni: MWENYEWE.

Leo ni siku ya tano.
Mama Chande kaja, kilo moja ya mchanganyiko,
Mama Chande anayenigombeza tangu mwanawe yuko chekechea,
mfupa huu mkubwa, ongeza hapo, mizani yako ina shetani.
Nikanyoosha mkono kuchukua shoka, shati likapanda.
Akaona.

Nikataja bei.
Nilizidisha mia tano, kwa makusudi, nimsikie.

Akahesabu noti, akaziweka juu ya gogo,
akachukua mfuko wake,
hakusema neno.